Nilipouachia Waya wa Baba Mkwe

Siku ile naikumbuka kama jana, mwanangu, siku nilipoinyamazisha redio ya baba mkwe wangu kwa vidole viwili tu.

Nilikuwa nimeolewa Bukundi, mafuta ya harusi hayajanikauka. Baba mkwe alikuwa na redio kuukuu, antena yake imevunjika. Akaunga waya, akaupitisha juu ya kihenge cha mtama, mwisho wake akaufunga kwenye ringi ya baiskeli. Fundi wa kujifundisha! Redio ikakoroma kama mzee mwenye mafua. Mpaka siku nilipopita nyuma ya kihenge, nikaushika ule waya nianike kanga. Lo! Mtangazaji akatoka safi. Nikiachia, mkoromo.

Basi nikawa antena. Na kwetu mkamwana hakai mbele ya baba mkwe wala kusemeshana naye. Mimi nyuma ya kihenge, yeye mbele, akiwa na neno anamwambia kuku: "We kuku, mwambie huyo ashike vizuri." Kuku mwenyewe anadonoa zake.

Mwaka huo pamba ilijaa nyumba nzima, tunalala tumejikunja. Tulikuwa tunangoja redio itaje siku ya kuanza kununuliwa. Mume wangu aliniahidi kwamba lori la kwanza la pamba likienda Maswa nitapanda, nikamwone mama yangu Nyalikungu. Sikuwa nimemwona tangu niolewe.

Siku ya tangazo wazee wakajaa uani. Baba mkwe akajigamba: "Redio kama hii wilaya nzima hakuna. Na antena nimeitengeneza mwenyewe!"

Mwenyewe? Na huu mkono uliokufa ganzi ni wa nani? Nikauachia waya.

Khrrrr! Akaipiga redio kofi. Akatoa betri, akazing'ata. Mzee mmoja akasema, "Mwenzetu, hiyo ipeleke kwa mganga." Wakacheka, nami nimejiziba mdomo kwa kanga, machozi yananitoka. Niliposhika tena, nikasikia: "Hayo ndiyo matangazo ya wakulima wa pamba kwa leo."

Wenzetu wa kijiji cha pili walisikia. Sisi tulipopata habari, lori la kwanza lilikuwa linapita limejaa pamba yao. Nikabaki barabarani na kifurushi kichwani, nakula vumbi. La pili lilikuja baada ya majuma matatu.

Mama mkwe, aliyeniona nikiachia, hakunigombeza. Alisema tu, "Mayu, mama, ulitaka mzee aaibike. Mzee kalala usingizi wake. Anayelia nani?" Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Alasiri ileile nikarudi kwenye waya bila kuitwa. Kisha: "We kuku, mwambie huyo, wabeja." Asante yangu ya kwanza katika nyumba ile, nimeletewa na kuku!

Mwanangu, leo simu unayo mfukoni, lakini waya wa kushikilia haujaisha, nyumbani hata kazini. Usiuachie kwa sababu hukusifiwa. Umechoka? Sema. Umeonewa? Sema, hata kama itabidi umtume kuku. Ila kuachia kimya kimya ili mwenzio achekwe, tangazo litakalopotea ni lako. Majuto ni mjukuu, na mimi wajukuu ninao wa kutosha, huyo simtaki.

Mungu akupe mkono usiokufa ganzi, na watu wa kukuambia wabeja machoni pako, kuku wakiwa wamelala.