Hujazaliwa Mpaka Treni Iingie

Enzi zetu, pale Mpanda, tarehe haikuwa inajulikana, ilikuwa inafika. Nimelipima sana neno hilo kabla ya kuliacha, na sioni jingine linalofaa zaidi. Leo tarehe inakaa mfukoni, ndani ya simu, na inakukumbusha mambo yako kabla hujayakumbuka mwenyewe. Sisi tuliosoma shule ya msingi miaka ya tisini, Mpanda ikiwa bado wilaya ya Mkoa wa Rukwa, tuliletewa habari na treni, na treni ilikuwa na siku zake. Gazeti la Jumatatu tulilisoma Alhamisi, tena kwa mshangao kamili, kama vile mambo yale yametokea asubuhi hiyo. Mtu alishuka kwenye behewa akasema timu fulani imefungwa, na mashabiki wa sokoni wakaanza kununa hapo hapo, ilhali wenzao wa Dar es Salaam walikwisha kununa, wakatulia, wakasahau.

Wa umri wangu mtaikumbuka mistari ya asubuhi: ubaridi wa umande kwenye vidole vya miguu, harufu ya sare zilizokaukia jikoni, kiranja akipita kukagua kucha. Shuleni kwetu, pembezoni mwa Misunkumilo, baada ya wimbo wa taifa alipanda kizingitini mwalimu wa historia. Jina lake la kweli tulilitumia mbele yake tu. Nyuma yake alikuwa Mwalimu Tarehe. Aliweka mikono nyuma, akauliza, "Leo ni tarehe ngapi?" Tukaitaja kwa sauti moja. "Na siku kama ya leo?"

Hapo darasa la zamu lilipaswa kutoa mambo matatu: moja la nchi au la dunia, moja la michezo, na moja la mwanafunzi aliyezaliwa tarehe hiyo. La kwanza alikuwa ametufundisha mwenyewe jana yake. La pili tuliliokota kwa kaka zetu waliolala wamekumbatia redio za mbao. La tatu ndilo lililotutesa, kwa sababu sehemu kubwa ya darasa letu haikuwa na tarehe ya kuzaliwa. Tulikuwa na majira. Mmoja alizaliwa wakati wa kuchuma tumbaku, mwingine mwaka wa nzige. Mwalimu Tarehe alitutuma nyumbani tukaulize upya, tukarudi na majira yale yale.

"Masanja, umeulizia?"

"Ndiyo, mwalimu. Baba anasema nilizaliwa tukiwa njiani na mifugo, wiki aliyozaliwa ng'ombe mwekundu."

"Na huyo ng'ombe alizaliwa lini?"

"Huyo tulimnunua, mwalimu."

Tulicheka mpaka mistari ikapinda. Mimi nilicheka kidogo kuliko wengine, maana nilikuwa na tarehe, na ilikuwa imeanza kuninyima raha.

Baba yangu alikuwa seremala, lakini kabla ya randa na msumeno alikuwa winga wa kushoto wa timu ya wilaya. Mwaka niliozaliwa, timu ilisafiri kwenda Tabora kucheza mechi ya sherehe za Muungano, na yeye akafunga bao pekee la mchezo ule. Bao hilo alilisimulia akipima kitanda, akila, akinyolewa. Alilimaliza kwa maneno yale yale: "Na siku hiyo hiyo akazaliwa huyu." Kisha aliniwekea kichwani kiganja chake chenye vumbi la mninga. Jina langu ni Regina, lakini mtaa mzima uliniita mtoto wa bao.

Mwalimu Tarehe alipopata habari hiyo alikaribia kurukaruka. Katika tarehe moja, ishirini na sita Aprili, alikuwa na mambo yote matatu: Muungano wa nchi, bao la wilaya, na mwanafunzi aliye hai. Akaamua kwamba mwaka ule nisisimame shuleni tu. Nitasimama uwanjani siku ya sherehe, mbele ya mkuu wa wilaya, niyatamke mambo yangu matatu kwenye kipaza sauti, baba akiwa ubavuni mwangu na jezi yake ya zamani.

Tulifanya mazoezi wiki kadhaa. Aprili ya Mpanda, mnaijua: matope mekundu yanayong'ang'ania ndala mpaka yazing'oe mguuni, akina mama wakishuka kutoka porini na ndoo za uyoga, mahindi mabichi yakichomwa kila kona, watu wa Katumba wakileta maharage kwa baiskeli zinazozama hadi kwenye ekseli. Wenzangu walicheza rede hadi giza. Mimi nilikaa barazani nikifikiri.

Nilikuwa nimegundua jambo. Kila baba alipofika kwenye "siku hiyo hiyo akazaliwa huyu," mama alipata kitu cha kukoroga. Kama hakikuwapo chungu, alichukua ufagio. Hakuwahi kuitikia kwa "ndiyo," hata mara moja. Nilimuuliza, naye akajibu bila kuinua macho, "Kamuulize mwenye bao."

Sijui watoto wengine wangefanya nini na jibu hilo. Mimi nililigeuza kila upande. Ikiwa sikuzaliwa siku ile, basi nitatamka uongo mbele ya bendera. Ikiwa baba amekosea tarehe, huenda amekosea na mengine. Na ikiwa mama anajua naye amenyamaza miaka yote hii, basi kuna kitu kizito mno kisichosemeka, na kitu hicho kinanihusu mimi. Nilifika mahali pa kujitazama kwenye kioo cha baba cha kunyolea nikitafuta pua ya mtu mwingine.

Jioni ya kuamkia sherehe mvua ilikuwa ikigonga bati. Mama alikuwa akipukuchua mahindi, bibi, mama yake baba, akiota moto, baba akiipiga jezi pasi ya mkaa kwa uangalifu ambao hakuwahi kuuonyesha kwa shati la kanisani.

"Baba," nikasema, "mimi sitaki kusimama kesho."

"Winga!" Ndivyo alivyoniita. "Unaogopa watu? Ukifika pale wewe angalia mbele tu, usiangalie macho ya mtu."

"Siogopi watu. Naogopa kwamba si kweli."

Akacheka, akamgeukia mama. "Mama Regina, hebu mwambie mwanao amezaliwa lini."

Mama aliendelea kupukuchua.

"Siku ya bao lako," akasema, "mimi nilikuwa shambani napalilia karanga. Mtoto alikuwa tumboni."

"Lakini siku tuliyoshinda..."

"Nyie mlishinda huko Tabora. Huku hatukujua kama mmefunga au mmefungwa. Tukasema treni ikija tutajua. Siku ya treni ikafika, treni haikuja. Simu ya stesheni imekatika, nguzo zimelala na mafuriko. Watu wakaanza kusema daraja limeondoka na mabehewa. Mke wa golikipa wenu akaja kulia msiba uani kwangu, nikamfukuza. Nikamwambia nenda ukalie kwako, mimi wangu hajafa."

Baba alikuwa ameacha kusogeza pasi.

"Kila siku nilikwenda stesheni na tumbo hili. Nakaa kwenye lile benchi, nawangoja nyie. Siku ilipolia honi, uchungu ulikuwa umeshanishika nyumbani. Mkunga aliposikia honi akatoka mbio na wenzake kwenda kuwapokea. Tukabaki mimi na mama yako huyu. Muulize."

Bibi aliitikia kwa kichwa polepole, macho kwenye moto. "Mji mzima ulihamia stesheni," akasema. "Hata mkasi wa kukatia kitovu niliutafuta mwenyewe."

"Mbona hukuniambia, Mama Regina?"

"Uliniuliza lini? Uliingia mlangoni umebebwa mabegani, ukamnyanyua mtoto ukasema, 'Huyu kazaliwa na bao!' Watu wakapiga vigelegele. Ningesema nini mimi, na mlikuwa na furaha vile?" Akazoa mahindi, akayamimina kwenye ungo. "Benchi lile sijalikalia tena. Hata nikitumwa stesheni, nasimama."

Ndipo tuliposikia harufu ya kitambaa kuungua.

Leo, nikiwa nasomea historia katika shahada ya uzamivu, ninaweza kulieleza kosa lile kwa utulivu. Baba hakudanganya, na mji haukudanganya. Kwa watu wa Mpanda bao lile lilifungwa siku treni ilipoingia, kwa sababu kabla ya hapo halikuwapo. Mwalimu Tarehe ndiye aliyelirudisha kwenye kalenda, nami nikarudishwa pamoja nalo. Lakini utulivu huo ni wa sasa. Usiku ule nililala nikijua kitu kimoja tu: kwamba zilikuwapo siku ambazo baba alikuwa mshindi na mama, kwa kila alichoweza kujua, alikuwa mjane, na zote zilikuwa siku zile zile.

Asubuhi baba aliivaa jezi ikiwa na alama ya pasi kifuani, kahawia, kamili hadi ncha. Uwanjani halaiki ilipita, kwaya ikapita, kisha Mwalimu Tarehe akatuita. Nikataja Muungano. Nikalitaja bao la Tabora, watu wakashangilia. Nikafika la tatu, na sauti ikaniishia. Mwalimu alinikodolea macho, midomo yake ikiichezesha sentensi ile ili niifuate.

Baba akainama kwenye kipaza sauti. "Bao ni la leo," akasema. "Mtoto bado. Mtoto wangu anazaliwa treni ikiingia."

Watu wakaangua kicheko. Kutoka upande wa mashabiki mtu akapaza sauti, "Winga, umeanza na komoni asubuhi yote hii?"

"Sijanywa, ndugu yangu. Sisi tukiwa tunaimba kwenye behewa, kuna mtu alikuwa anatungoja stesheni hajui kama tu wazima. Miaka yote hii nimesimulia bao, na huyo mtu sijawahi kumpa pole." Akameza mate, kipaza sauti kikayapeleka uwanja mzima. "Pole, Mama Regina."

Mama alikuwa katikati ya wanawake wenye miavuli. Alijifunika uso kwa khanga. Kama alicheka au alilia, nimebishana na nafsi yangu tangu siku ile, na hoja za pande zote mbili ni nzuri.

Mwalimu Tarehe peke yake ndiye aliyebaki na shida ya kitaaluma. "Sasa Baba Regina," alinong'ona tukishuka, "mimi niseme tarehe gani mstarini?"

"Sema ikiingia, mwalimu."

Ikawa hivyo. Tangu mwaka ule siku yangu ilikuwa treni ya kwanza kuingia Mpanda baada ya Muungano, tarehe yoyote itakayoangukia. Baba alinipeleka stesheni na mahindi ya kuchoma na asali ndani ya chupa ya soda. Honi ilipolia kule porini, kabla hata ya moshi, alinipa mkono kama mtu anayenitambua kwa mara ya kwanza. "Haya. Sasa umezaliwa." Mama alibaki nyumbani akipika migebuka, samaki wa ziwani kutoka Karema, na hakuja kamwe. Ipo miaka mvua ilipozidi, treni ikachelewa, nami nikashindwa kula. Je, isipokuja kabisa? Baba alishangaa swali hilo. "Itakuja tu. Wewe si ulishakuja?"

Nilipoondoka kwenda masomoni, alikwenda peke yake na kunipigia simu: "Imeingia." Basi. Vyeti vyangu vimebaki na Muungano, maana havina nafasi ya kuandika maelezo, na kwa hiyo kila tarehe ishirini na sita Aprili simu yangu hujaa pongezi za watu na za mashine. Vijana ninaoishi nao bwenini wanazijua siku za kuzaliwa za wachezaji wa Ulaya mpaka za mbwa wao. Nilipowaeleza habari yangu, mmoja alinitazama kwa huruma ya kweli. "Anti, kwa hiyo besdei yako haina tarehe? Sasa sisi tutapostije?" Nikamwambia sisi hatukuposti, tulingoja. Hakuelewa, na sikumlaumu. Hajawahi kungoja kitu ambacho hakina alama ya kuonyesha kimefika wapi.

Mwaka huu baba alifariki mvua zikiwa bado zimeshika. Nilipewa jukumu la kusoma wasifu wake kaburini, na nilipofika kwenye bao la Tabora nilifanya kama nilivyofanya uwanjani. Sauti iliniishia, na safari hii hakukuwa na wa kuinama kunisaidia. Nikarudi masomoni. Muungano ukapita. Pongezi zikaja, nikazijibu moja moja kwa adabu, nikijua kwamba bado. Nikasikia kwamba reli imeingiliwa na maji. Nikawa nakaa na simu mapajani, nikiwaza kitu ambacho mtu wa elimu yangu anaona haya kukiri: kwamba sasa hakuna mtu wa kuniambia imeingia, na kwamba mwaka huu huenda nisizaliwe.

Mchana mmoja mama akapiga. Nikamwamkia, akaitikia, akaniuliza kama nimekula. Nyuma ya sauti yake mvua ilikuwa ikigonga bati, bati pana kuliko la nyumbani, na watu wengi wakizungumza.

"Uko wapi, mama?"

"Niko hapa stesheni."

"Umesimama na mguu huo unaokuuma?"

"Nimekaa. Nimekaa kwenye lile benchi. Limepakwa rangi, lakini ni lile lile."

Nilichelewa kuuliza, kwa kuwa niliogopa majibu yote mawili. "Imeingia?"

"Bado. Wanasema maji yamejaa huko mbele, hawajui. Mimi nangoja." Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba kitu ambacho enzi zile hakuwa na wa kumwomba, "Usikate simu, mwanangu."

Sikuikata. Nikamsikia akisogea kwenye benchi, kama mtu anayempisha mwenzake akae.