Geji ya Oili na Suti ya Pasaka

Wacha niseme mwenyewe kabla hamjasikia kwa mtu mwingine: yule kijana aliyemwogesha mzee wa kanisa kwa oili ya injini kule Tulia, mbele ya wazee wa koo mbili, kina mama wa kwaya na mbuzi watatu, ni mimi. Si binamu yangu, kama nilivyokuwa nikiwaambia hapa bwenini tangu shule ifunguliwe. Ni mimi, kwa mikono yangu hii miwili na kichwa changu hiki ambacho mwalimu wa fizikia husema kina nafasi kubwa ya kuwekwa vitu.

Mambo yalianzia Sultan Hamud, likizo ya Agosti, nyumbani kwa anko Kyalo, ndugu mdogo wa mama yangu, karani pale stesheni ya treni. Anko alikuwa na vitu viwili vya kumnyima usingizi, msichana anayeitwa Mwende na gari. Kwa msichana sina la kusema, ni mzuri na ana akili (alimkubali anko, lakini kila mtu ana siku yake mbaya). Gari ndilo lilikuwa balaa. Lilikuwa la kijani, la viti viwili, paa la turubai, ile aina ya gari la kushindana mbio, anko aliuziwa na mzungu wa ranchi aliyekuwa anarudi kwao, na lilikuwa jepesi hivi kwamba likikwama mchangani hatukutafuta watu wa kusukuma, mimi na anko tulishika nyuma tukaliinua na kuliweka kando kama kitanda. Ukikaa ndani yake uko chini sana, unapishana na mbuzi mkiangaliana uso kwa uso.

Sasa, Pasaka ya mwaka jana anko alimpeleka Mwende kwao Tulia, na gari likamfia mbele ya kanisa, watu wanatoka ibadani, moshi unatoka kwenye boneti kama mtu anachoma makaa. Oili ilikuwa imeisha na yeye hana habari. Baba yake Mwende, Mzee Nzioka, ambaye hana mzaha hata akiwa amelala, aliliangalia gari, akamwangalia anko na suruali yake pana chini kama kengele, akasema maneno ambayo yalifika Sultan Hamud kabla ya anko mwenyewe: "Mtu asiyejua kilicho ndani ya injini yake, atajuaje kilicho ndani ya nyumba yake?"

Na bila Mzee Nzioka hakuna ntheo. (Kwa nyinyi ambao si Wakamba: ntheo ni wale mbuzi wanaopelekwa kwa kina msichana, na mpaka wazee wa kwao wawapokee, huyo si mke wako, hata kama mmezaa timu nzima ya mpira pamoja na refa.) Mzee alikubali mbuzi waletwe Jumamosi fulani ya Agosti, lakini akaweka sharti: kwanza atapanda hilo gari yeye mwenyewe, aone kama ni kitu cha kubeba binti yake. Likimridhisha, mbuzi watapokewa. Lisipomridhisha, warudi walikotoka.

Ndipo anko akaagiza geji ya oili kutoka Nairobi. Geji ni kitu kama saa ndogo ya mviringo, unaifunga kwenye dashibodi, halafu mrija mwembamba unatoka kwenye injini na kuleta oili yenyewe mpaka nyuma ya ile geji, na mshale unakuonyesha oili inasukumwa kwa nguvu kiasi gani. Mshale ukikaa katikati, injini ina afya. Ukilala, zima haraka. Anko alikuwa amepanga yote: Mzee atakaa, atauona mshale uko katikati, atajua kwamba Kyalo sasa anajua kilicho ndani ya injini yake, kwisha maneno.

Geji ilifika kwa treni Ijumaa, siku moja kabla ya safari. Fundi wa mjini alikuwa ameenda matanga. Anko alishika kichwa. Mimi nilikuwa nimetoka kunywa chai, nimeshiba, na mtu akishiba husema mambo.

"Anko, hiyo ni kazi ya dakika ishirini."

"Una hakika?"

"Si ni mimi nilitengeneza bomba la tangi la kanisa?"

Na kweli nilikuwa nimelitengeneza, Aprili, lilikuwa linavuja pale kwenye nati, nikachukua uzi wa katani ambao susu, yaani nyanya yangu, husokota mapajani akifuma vyondo, nikaupaka sabuni ya kufulia, nikauzungusha kwenye zile nyuzi za bomba zinazoshika nati, nikakaza, na halikuvuja tena. Pasta alinitaja kwa jina siku ya Jumapili. Tangu siku hiyo nilikuwa mtu hatari.

Anko akaenda zamu, nikabaki na geji. Ndani ya boksi mlikuwa na mrija wa plastiki, nati mbili, na vipete viwili vya shaba vya kuziba pale mrija unapoungana, kimoja upande wa injini na kingine nyuma ya geji. (Kulikuwa pia na karatasi ya maelezo, ambayo nilifutia mikono.) Upande wa injini niliufunga vizuri kabisa, hata leo nauonea fahari. Kile kipete cha pili nilikiweka juu ya jiwe ili kisipotee, nikainama kuchukua spana, na kuku wa susu akaja, akakiangalia kwa jicho moja, akakimeza.

Nilimwangalia yule kuku kwa muda wa saa nzima. Nilimpa maji, nilimpa mtama, nilimfukuza mara mbili kuzunguka nyumba ili tumbo lichangamke. Kuku hana haraka ya mtu. Na hapa ndipo ningeenda stesheni, dakika tano tu kwa miguu, nikamwambie anko, "Anko, kuku amemeza kipete," naye angetuma neno Tulia siku isogezwe, au angefunga safari bila geji, au angenipiga kofi moja tukasahau. Badala yake niliingia kwa susu nikachomoa katani.

Nikapaka sabuni. Nikazungusha. Nikakaza. Jioni anko aliwasha gari, mshale ukapanda, ukasimama katikati kama askari, na hakukutoka hata tone. Anko alinipa mkono, si vile mtu humpa mtoto mkono, vile mwanamume humpa mwenzake.

"Mpwa wangu," akasema, "wewe utakuwa injinia."

Jumamosi tuliondoka alfajiri, wazee wetu na mbuzi wakatangulia kwa pikapu. Mpaka Machakos sikuwa na shida duniani. Lakini oili ya moto si maji ya tangi, jamani, oili ya moto ni nyepesi na ina hila, na sabuni nayo ikipata joto huyeyuka, jambo ambalo mtu yeyote aliyewahi kufua shati analijua isipokuwa mimi siku ile. Tone la kwanza liliniangukia goti la kulia. Nikaweka kitambaa. Kitambaa kikalowa. Nikavua soksi moja nikaisukumia huko nyuma ya dashibodi. Halafu ya pili.

"Hiyo ni harufu ya nini?" anko akauliza.

"Ya Machakos."

"Machakos tumeiacha saa nzima iliyopita."

"Imetufuata, anko."

Tulisimama Kitui mjini tunywe chai, na anko alikuwa anaimba. Sasa wewe niambie, mtu anaimba, anaenda kuoa, umwambieje? Nikamwambia nimesahau sweta garini, nikaenda nikajipenyeza chini ya dashibodi, nikaongeza katani iliyokuwa imebaki mfukoni, safari hii bila sabuni, nikafunga ule mrija kwa nguvu zangu zote mpaka plastiki ikalia kidogo. Nikasikia ikilia. Nikajiambia ni dalili kwamba imekaza.

Kule Tulia tulipokelewa vizuri. Tukakaa, tukaombewa, tukaombewa tena na mwingine ambaye aliona wa kwanza amesahau mambo, tukanywa chai, injini ikapoa kabisa. Mbuzi walikuwa wamefungwa kwenye ua wa miiba, wanangoja kama sisi. Halafu Mzee Nzioka akatoka nyumbani. Alikuwa amevaa suti ya rangi ya krimu, suti ambayo huvaliwa Pasaka peke yake, na watu wote wakanyamaza kwa heshima ya ile suti.

Kuingia ndani ya lile gari kulimchukua muda, aliteremka kwa awamu. Mimi nilisogea karibu.

"Mzee," nikasema, "jua ni kali. Labda ungevua koti, tukushikie."

"Kavisi," akanijibu (ndiyo kusema kijana mdogo, na hakulisema kwa upendo), "umeona wapi mzee wa kanisa akivua koti mbele ya wageni?"

Anko akawasha. Wakaanza kuzunguka uwanja wa nyumbani, mwendo wa gia ya kwanza, kina mama wakiangalia kutoka jikoni, wazee kutoka kwenye viti. Nikasikia anko akisema, "Mzee, angalia mshale huu. Huu ndio unaniambia kilicho ndani ya injini." Mzee akainama karibu kabisa, maana miwani alikuwa ameiacha ndani. Na anko, ili ampendeze, akakanyaga mafuta mshale upate kupanda.

Ukapanda kweli. Oili iliyopoa ni nzito na husukumwa kwa nguvu zaidi, hilo nimekuja kulisoma baadaye. Halafu ukalala.

Oili haikutoka pale kwenye mrija kwa kishindo. Ilitoka kwa sauti ndogo, psss, kama mtu anamnyamazisha mtoto kanisani, ikaanza na tai, ikapanda kwenye ndevu, ikafika machoni, na Mzee bado ameinama pale pale, anangoja kuona mshale.

"Kyalo," akauliza, "na hii inaonyesha nini?"

Hapo mke wake akapiga yowe, akaja mbio na leso amfute mumewe, na kwa bahati mbaya alikuja moja kwa moja upande wa dereva. Wakamba mnajua ninakoelekea. Kuna kitu tunaita nthoni, mtu hakaribiani na mama mkwe wake ovyo, akimwona njiani anaingia kichakani, na kumgusa hata kwa bega ni jambo la kuitiwa wazee. Anko alimwona mama mkwe anamjia kwa kasi, mikono imenyooshwa. Alifanya kile alicholelewa kufanya. Aliruka mlango akakimbilia nyuma ya ghala.

Gari halikuwa limeambiwa habari za nthoni. Liliendelea.

Lilikwenda polepole, gia ya kwanza, jepesi, limebeba mtu mmoja aliyefumba macho. Tulimsikia akisema, "Kyalo, taratibu." Halafu, "Kyalo, simama." Halafu, kwa sauti ya chini, "Kyalo?" Likapita viti vya wazee, likapita jiko, likaingia kwenye ua wa miiba pua mbele na kuzimika. Mbuzi mmoja akachungulia ndani.

Mmoja wa wazee wa kwao akainuka, akapangusa kiti chake, akasema, "Pakieni mbuzi wenu." Na wazee wetu wakaanza kweli kutafuta kamba. Anko alikuwa ametoka nyuma ya ghala, anaangalia chini, na mimi sijawahi kuona mtu mzima akiwa mdogo vile. Mwende ndiye hakuwa anaangalia gari. Alikuwa ananiangalia mimi.

"Wewe," akasema, "magoti yako yana oili, na sasa hivi hukuwa ndani ya gari. Na soksi zako ziko wapi?"

Nilitazama magoti yangu. Yalikuwa ushahidi.

Nikasema yote. Nilisema kwa Kikamba ili kusiwe na mtu wa kubaki nyuma: kuku, katani, sabuni, kitambaa, soksi, Kitui. Wazee wa koo zote mbili walitaka nirudie ile sehemu ya kuku. Niliirudia mara tatu, mara ya tatu kwa ajili ya mmoja ambaye hasikii vizuri.

Mzee Nzioka alikuwa anafutwa uso. "Kyalo alijua?"

"Hapana, Mzee. Alijua ni kazi nzuri."

"Ilianza kuvuja wapi?"

"Machakos."

"Na ukanyamaza mpaka kwangu."

"Ndiyo, Mzee."

Oili ilikuwa inadondoka kutoka kwenye kidevu. "Basi kosa si la Kyalo. Mbuzi wapokewe," akasema. "Na huyu abaki."

Kwa dakika moja nilifikiri nimepokewa pamoja nao. La. Nilibaki kuifua ile suti. Niliifua siku kumi na moja, kwa sabuni, kwa majivu, kwa mafuta ya taa, nikikaa mtoni na karai, na wasichana wa Tulia wakipita na punda wao wa maji wakiulizana kwa sauti, "Huyu ndiye yule injinia?" Siku ya kumi na moja doa lilikuwa limehama kidogo kuelekea kushoto. Mzee akasema yatosha.

Harusi ilikuwa Desemba. Mzee Nzioka ana suti nyingine mbili, nimeziona kwa macho yangu zikining'inia. Alivaa ile ya krimu. Doa lilikuwa kifuani, pana kama sahani, na mpiga picha alipomwomba afunge koti vizuri, alikataa. Kila mgeni aliyemwendea kumpa mkono aliangalia doa, akaona aibu kuuliza, na Mzee, bila kuulizwa, bila kusema neno, aliinua bakora yake na kuninyooshea mimi, pale nilipokuwa nagawa soda. Wageni walikuwa kama mia nne. Nilihesabu mpaka sabini nikaacha.

Kwa hivyo muache kunigongea dirisha na redio zenu na pasi zenu zilizokufa. Mtu akiniuliza kama najua kutengeneza kitu, siku hizi nasema sijui. Hasa nikiwa najua.