Kikao cha Sita cha Mama Sufi

Mama Sufi alishindilia sufi kwenye magodoro kwa miaka thelathini na mmoja, katika chumba ambacho dirisha lake halikufunguliwa, maana upepo ukiingia tu sufi inapaa na tajiri anafoka. Jina lilimganda huko huko kazini. Alipoanza kukohoa alidhani ni mafua. Daktari akamwambia mapafu yamechakaa, hayarudi yalivyokuwa.

Lakini kilichommaliza ni hofu. Pumzi ikipungua kidogo, moyo ulimwenda mbio, akaona kifo hiki hapa. Akaacha kufunga mlango wa bafu. Akaacha kwenda sokoni. Mwishowe akamgeukia wifi yake, aliyeishi naye tangu mumewe afariki, mwanamke ambaye bila utani halali. "Wifi, nakuomba usinichekeshe. Nikicheka nabanwa."

Wifi akaacha utani. Nyumba ikawa kama imefiwa upya.

Kliniki wakampeleka kwa mshauri, binti wa umri wa kitinda mimba wake. "Mama, hofu na pumzi zinachocheana," alimwambia. Akamfundisha kutoa pumzi polepole, midomo kaibana kama anayepoza chai. Akampa na kazi: kila asubuhi atembee hadi getini, na wazo la kifo likija, aliulize lina ushahidi gani.

Siku ya tatu alifika kwenye kamba ya nguo. Wazo likaja. Akaliuliza ushahidi, akajijibu mwenyewe: kifua hiki. Akaketi kwenye tope la maji ya kufulia, mashuka mabichi yakimpiga usoni, mpaka wifi alipokuja kumwinua.

Hakujaribu tena. Kila wiki alikwenda kliniki akasema anatembea. Kikao cha sita, ambacho ndicho cha mwisho, binti akauliza, "Hofu imepungua, mama?"

"Imepungua, mwanangu."

Binti akatabasamu uso mzima, akaandika, akafunga faili.

Nje, wifi alimkazia macho. "Mbona umemdanganya mtoto wa watu?"

"Kajitahidi sana. Ningemwambiaje kwamba mimi ndiye nisiyefaa?"

"Rudi umwambie ukweli. Mlango si ule, uko wazi?"

Mama Sufi akautazama. Hatua ishirini hivi, na ngazi tatu.

"Mbali," akasema.

Mvua zilipoanza alikuwa hatoki tena chumbani. Kliniki hawakumtafuta, faili lilisema kapata nafuu. Wifi alimlisha uji, akamgeuza ubavu, kisha akaketi kitandani, mikono mapajani, utani wote kaumeza.