Safari ya Kibiti Kuyatazama Mabegi ya Balozi

Nilitoka kwetu Maparoni, kwenye delta ya Rufiji, kwa ajili ya mjukuu wangu Mwanahawa, anayesoma uuguzi nchi ya mbali. Huko watu wamemwinukia rais wao, mtu aliyekalia kiti tangu mimi nina meno yote. Simu kwetu inakatakata. Nikasema nakwenda Kibiti kwa wifi yangu Zuhura, mwenye televisheni na simu inayoshika, nimuulize huyo mtoto harudi anangoja nini.

Alfajiri, maji yalipojaa, nilipanda boti ya Nyamisati. Nahodha akanitania, "Bibi, unakwenda kumtoa rais?"

"Namtoa mjukuu. Rais atatoka mwenyewe. Tazama mbele, usitupandishe fungu la mchanga."

Nyamisati nikachukua pikipiki mpaka Bungu, vumbi hadi kwenye nyusi, kisha gari la Kibiti.

Adhuhuri nilikuwa kwa Zuhura, nakula wali kwa kamba, macho kwenye televisheni. Yeye alifuatilia wiki nzima. "Wifi, Jumatatu mataifa makubwa yalimwita huyo rais rafiki. Jumatano yakamwomba asipige watu risasi. Leo Ijumaa yanasema yanatazama kwa makini."

"Wanatazama nini, mpira?"

Zuhura akacheka mpaka akapaliwa.

Mara akatokea balozi mmoja wa hao wakubwa, na tai yake nyekundu, anasema mji shwari, rais anaheshimika. Nyuma yake watu wanapakia mabegi garini. Nikaacha kula.

Kwetu, wakati wa kuamia, kufukuza ndege kwenye mpunga, tunaishi madunguni, vibanda vya juu ya nguzo. Mto ukianza kupanda hakuna anayetaka kusema wa kwanza, asiitwe mwoga. Unatazama jirani: akikunja mkeka, nawe kunja wako. Mwaka mmoja nilisikiliza maneno ya jirani, mkeka wake sikuutazama. Nililala juu ya paa siku mbili, mimi na kuku.

Nikampigia Mwanahawa. "Mke mwenzangu, unangoja nini?"

"Bibi, chuo kinasema tutulie. Hata balozi kasema hakuna hatari."

"Balozi kafunga mabegi! Matano, nimeyaona. Basi la mpakani lipo?"

"La saa kumi. Lakini mitihani, Bibi..."

"Utaifanya ukiwa hai. Panda, ama nakuja kukuvuta sikio."

Akacheka. Akapanda.

Kesho yake alipiga akiwa ng'ambo ya mpaka, analalamikia chai ya huko. Jumapili njia ile ilifungwa kwa risasi. Jumatatu rais akakimbia, na balozi akatokea tena, sasa yuko kwao, akisema serikali yake ilikuwa na wananchi tangu mwanzo.

"Si yule yule?" Zuhura akauliza.

"Ndiye. Hata tai hajabadili."

Jumanne nikarudi na boti ile ile. Nahodha akauliza, "Bibi, hao wakubwa hasa wako upande gani?"

"Upande mkavu."

Nilichojifunza ni hicho: mkubwa akisema, mimi natazama mikono yake inabeba nini. Mwanahawa anafika Ijumaa. Mkeka wake nimeshautandika.