Mama Kati ya Kitanzi na Kisu

Nilipomaliza chuo nilibaki mjini Gitega nikitafuta kazi. Mama akanifuata kutoka kijijini kwetu Butihinda kwa sababu damu yake ya mwezi ilikuwa imezidi: siku nane, wakati mwingine kumi. Akilima mistari miwili, anakaa chini.

Nilikuwa nimeandaa daftari. Upande mmoja homoni, upande wa pili upasuaji, chini yake maswali thelathini na moja.

Hospitalini daktari, mwanamke wa makamo, akamuuliza mama anabadilisha mara ngapi kwa siku.

"Mara nne," mama akajibu, macho chini.

"Bon, haya, damu hiyo si nyingi sana, mama," daktari akasema.

Daktari alihesabu pedi za dukani. Mama alihesabu vipande vya kitenge vilivyokunjwa mara sita, vinavyonyonya damu nyingi kuliko pedi, kama wanawake walivyozoea kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania. Lakini binti hatoi siri za mama yake mbele ya watu. Nilijishauri mpaka daktari akashika kalamu. Nikamweleza habari ya vitenge.

"We mtoto! Umenivua nguo," mama akanikemea.

"Mwache, mama," daktari akasema. "Ameniepusha na kosa."

Wakampima: kiwango cha damu mwilini kilikuwa chini sana. Akaanzishiwa vidonge vya kuongeza damu. Picha ya kizazi na vipimo vingine havikuonyesha uvimbe wala ugonjwa mbaya. Tuliporudi kuchukua majibu, daktari akatueleza. Kitanzi chenye homoni huwekwa ndani ya kizazi, na mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Hupunguza damu polepole, ila miezi ya mwanzo matone huweza kuja ovyo. Kuondoa kizazi humaliza damu kabisa, lakini ni operesheni kubwa, na wiki kadhaa hushiki jembe.

Nilitaka kisu kwa sababu kina uhakika. Dakika moja baadaye nikaogopa dawa ya usingizi. Mama akalifunga daftari langu.

"Nikianza na kitanzi kikashindwa, kisu bado kipo?"

"Kipo."

"Na nikianza na kisu?"

Daktari akacheka. "Kizazi hakirudi, mama."

"Basi niwekee kitanzi."

Swali hilo sikuwa nimeliandika.

Mwezi wa tatu tangu awekewe, matone yalikuja ovyo, nami nikawa nampigia simu Butihinda asubuhi na jioni.

"Si alisema?" mama akaniuliza. "Au wewe ndiye uliyewekewa?"

Mwezi wa sita tulipima tena mjini Muyinga, karibu na nyumbani. Kiwango cha damu mwilini kilikuwa kimepanda. Mama alinikabidhi karatasi ya majibu, akatangulia sokoni kwa mwendo wake wa zamani wa haraka, hata nikamwomba anisubiri.