Kitenge Chekundu Juu ya Mabati

Jumatatu ya Pasaka. Mvua ya asubuhi ilikatika, jua likatoka kali, mtaa wetu wote wa Kamenge ukanuka matope.

Sisi tuliokulia huku, siku kama hii tulikuwa tunapanda mlimani na baba. Sijui kuandika vizuri, shule niliachia darasa la sita, lakini hii naikumbuka. Tulienda pekupeku, sufuria ya maharagi na ndizi imefungwa kwa kitambaa, ingali ya moto, mimi mkubwa nimeibeba kichwani. Juu kulikuwa na mikaratusi na upepo wa baridi. Tuliteleza kwenye majani tumekalia magome ya mgomba, hadi kaptula zikatoboka. Mama alibaki nyumbani na mutoto mdogo. Alikuwa anatandika kitenge chake chekundu juu ya mabati, anakikandamiza kwa mawe, ili tuitambue nyumba yetu kutoka kule. Baba alisema, "Atakayeona kwa mama kwanza, ndiye anakula kwanza." Basi tulisukumana, macho yote chini, ziwa linawaka nyuma ya nyumba.

Leo mama ametuambia, mimi na mudogo wangu Eloi: "Muende. Mi nitatandika." Magoti hayamruhusu kupanda, na siku hizi anasahau sana, mimi ananiita kwa jina la marehemu baba. Lakini nilimwona akitoa kitenge sandukuni. Nikafurahi. Nikafikiri labda akili zake zinarudi.

Kule juu pamekuwa mahali pa starehe: viti vya plastiki, brosheti za nyama, muziki. Vijana wanajipiga picha wameligeuzia ziwa mgongo, kama vile limewakosea. Nisiwaonee, na sisi tulikuwa na makelele yetu. Tena walitupisha, wakatuachia kiti cha kivulini. Tukatafuta kitenge. Mabati yamejaa hadi miguuni mwa mlima. Nilianzia kanisani, nikafuata barabara kwa kidole, nikapotea, nikaanza upya. Eloi akasema macho yake yamechoka. Nikazilaumu nyumba za watu, ingawa na wao wanahitaji pa kulala.

Jioni tulimkuta mama ameketi mlangoni. Kitenge kilikuwa mapajani mwake, kimekunjwa, bado kinanuka sanduku.

"Mumekiona?"

Mi niliinama kupangusa matope viatuni. Sijui kama nilifanya vizuri. Eloi akachuchumaa mbele yake.

"Ndiyo, mama. Chekundu kabisa."

"Nani kaona kwanza?"

"Ni mimi."

Akacheka, akakipapasa kile kitenge.

Basi zile nyumba nilizilaumu bure. Zamani tulikuwa mbali na mama, mlima mzima kati yetu, na tulimwona. Leo nilikaa naye mkeka mmoja, sikujua nimtafutie wapi.

Tumekula bugali na ndagala, vile visamaki vya ziwani. Mama amempakulia Eloi kwanza, maana ndiye aliyeona.