Jani Juu ya Redio

Miaka ile kazi yangu ilikuwa kuwapandisha watu ndege, na mwenyewe nilikuwa sijawahi kupanda hata moja. Nilikuwa karani wa kampuni ya utalii mjini Arusha, mojawapo ya zile zilizochipuka kila kona baada ya biashara kufunguliwa. Ndege zetu zilikuwa ndogo, na kila abiria ilibidi aandikwe uzito wake. Nao walidanganya. Kila mnene alijipunguza, nami kwa kuona aibu niliandika alichosema. Rubani alitegemea karatasi yangu. Jambo hilo sikulifikiria mpaka ndege zilipoanza kuanguka.

Hazikuwa zetu. Moja ilipotelea mawinguni, nyingine ikagonga kilima, ya tatu ikateleza nje ya uwanja. Zamani tungesikia habari mara moja kwenye redio, yakaisha. Sasa kulikuwa na redio mpya na magazeti mapya, na ajali moja ilizungushwa wiki nzima. Nilianza kusoma kurasa za michezo tu, mimi nisiyejua hata mpira unachezwa na watu wangapi. Ofisini nikizima redio, mwenzangu anawasha. Tuligombana. Mimi ni mtu wa hasira, sifichi.

Hasira hiyo hiyo ndiyo iliyonitenga na baba. Sisi ni watu wa Kilimanjaro. Baba alikuja Arusha kwa kazi ya fundi wa mitambo kiwandani, akajenga mtaa wa Themi na kuuzungushia uwanja wake masale, ile mimea ya majani marefu ambayo kwetu ni mpaka na pia ni msamaha. Ukimkosea mtu, unampelekea jani la sale lililofungwa fundo, naye hawezi kulikataa hata kama umemwulia ng'ombe. Kiwanda kilipobinafsishwa baba alipunguzwa kazini, akawa anashinda barazani na redio yake, akitusimulia kila ajali upya. Jumapili moja, mbele ya wazee wa kanisa waliokuja kumjulia hali, nilimwambia, "Baba, kiwanda kimeuzwa, wewe hukupata mnunuzi. Tupumzishe na vifo vyako."

Wazee walitazama vikombe vyao vya chai. Wiki tatu nilimwamkia shikamoo, naye aliitikia marahaba akiangalia ukuta. Iliniuma, lakini sikuomba radhi.

Kisha meneja akanituma Serengeti, siku nne, nikafungue ofisi ya kambi yetu mpya. "Asiyetaka aseme," alisema, "wanaoingoja nafasi yake ni wengi." Wiki hiyo Mlima Meru ulijifunika wingu mpaka miguuni. Nikiutazama asubuhi, niliona akilini ndege ikiingia mle isitoke. Nikajiambia mtu hapandi angani akiwa na kinyongo cha mzazi mgongoni.

Siku moja kabla ya safari nilikata jani la sale, nikalifunga fundo, nikapiga goti na kumpa baba kwa mikono miwili.

"Unasafiri lini?" aliniuliza.

"Kesho asubuhi."

"Ungekuwa husafiri, ungelileta?"

Nililisogeza jani karibu na mikono yake.

"Hili ni la woga, mwanangu. Liweke hapo juu ya redio. Nitalipokea ukirudi."

Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi. "Mzee, sale halikataliwi! Unamtoa mtoto nyumbani bila radhi yako?"

"Sijalikataa. Nimesema akirudi."

Asubuhi, kwenye uwanja mdogo wa Kisongo, nilijipima mara mbili, kisha nikajiandikia kilo tano zaidi, eti kufidia uongo wa wengine. Ndege ilipoacha ardhi nilifumba macho nikasali Baba Yetu, na kila nilipofika kwenye kusameheana makosa ulimi ulikwama. Tulitua salama. Abiria wenzangu walipiga makofi. Mimi nilizidi kuogopa, kwa sababu baba hakusema nikifika. Alisema nikirudi.

Siku ya nne, tukiwa tumeshafunga mizigo, simu ya upepo ya kambini ilileta habari: ndege ndogo ya watalii, ya kampuni nyingine, ilikuwa imeanguka asubuhi ile ikielekea Arusha. Mvua ilikuwa inanyesha. Safari yetu ikasogezwa hadi kesho yake. Ofisi ilijua kwamba tuko wazima, lakini nyumbani kwetu hapakuwa na simu. Palikuwa na redio.

Tulipotua Kisongo siku iliyofuata nilimwona baba nje ya uzio, amevaa koti lake la misibani, tope hadi magotini. Mlinzi aliniambia mzee huyo alikuwa hapo tangu jana mchana. Mara mbili alielezwa kwamba ndege iliyoanguka si yetu, na mara mbili alijibu kuwa atasubiri aone.

"Shikamoo, baba."

Aliingiza mkono ndani ya koti akatoa jani la sale. Halikuwa langu. Langu lingekuwa limeshanyauka, na hili lilikuwa bichi, na fundo lake lilikuwa gumu, la mkono wa fundi wa mitambo.

"Tangu jana nimekuwa nikijua kwamba nimekuua," alisema.

"Haikuwa ndege yetu, baba. Ni watu wengine."

"Nao wametoka kwao kama wewe."

Kwetu mzee hampi mtoto sale. Jambo hilo sijawahi kuliona, wala kusikia likisimuliwa. Nilitazama huku na huku nikitumaini kwamba hakuna mtu wa nyumbani anayetuona. Baba alilishika jani kwa mikono miwili, akaanza kukunja magoti.

Nililipokea kabla hayajagusa tope.